Marudio ya ufahamu na fasihi yamegeuka kuwa marudio ya majibu

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mtoto wa jirani yangu hapa Kibokoni alinijia barazani na bahasha ya kaki iliyofura karatasi. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, na ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na mitihani kumi na minne ya Kiswahili ya miaka iliyopita, ambayo yeye na wenzake walipewa waifanye katika muda wa wiki tatu, ikasahihishwa na ikarudishwa. Niliipitia yote hadi adhana ya magharibi. Kila karatasi ilikuwa na vyema na mikato ya kalamu nyekundu na jumla ya alama pembeni, lakini sikuona hata neno moja la kumwambia mtoto kwa nini jibu lake la swali la tatu limekatwa ilhali ameandika mistari mitano mizuri kwa hati safi. Nilipomuuliza kama mwalimu aliyarudia maswali hayo darasani, alinijibu kwa upole, “Hakuna wakati, Mwalimu. Tukimaliza moja twapewa nyengine.”

Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili za kaunti hii kwa miaka ishirini na saba, kisiwani na ng’ambo ya Likoni, kabla ya kustaafu, kwa hivyo simwandikii mwalimu yule kama hakimu. Nayajua madarasa ya wanafunzi sitini, najua vile rundo la madaftari linavyomtazama mtu usiku akiwa amechoka, na najua shinikizo la mkuu wa shule anayetaka kuona mtihani wa majaribio juu ya mtihani wa majaribio. Hata hivyo jambo lenyewe halina budi kusemwa: tunachokiita marudio ya ufahamu na fasihi kimekuwa marudio ya majibu, na mwanafunzi anarudia yale ambayo watu wengine wameyaona ndani ya kifungu au kitabu, bila ya yeye mwenyewe kurudi kwenye kifungu wala kitabu.

Nitaanza na hesabu, kwa kuwa wazazi wetu husikia hesabu upesi kuliko nasaha. Mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ule wa kitaifa wa kumalizia Kidato cha Nne hapa Kenya, una karatasi tatu. Ya kwanza ni insha, alama 40. Ya pili ina alama 80, zikiwemo 15 za ufahamu, 15 za ufupisho, 40 za matumizi ya lugha na 10 za isimujamii, yaani lugha inavyotumika katika jamii. Ya tatu ni fasihi tupu, alama 80. Mtu akijumlisha ufahamu, ufupisho na fasihi atapata alama 110 kati ya 200, yaani zaidi ya nusu ya mtihani mzima inapatikana kwa kusoma maandishi na kuyaelewa. Lakini muda wa marudio katika shule nyingi ninazozijua haugawanywi hivyo. Unaliwa na ngeli, mnyambuliko wa vitenzi, uakifishaji na ile michoro ya matawi ya kuchanganulia sentensi, kwa sababu hayo husahihishwa haraka na jibu lake ni moja. Sina ugomvi na ngeli, nimezifundisha mpaka nikaziota, ila mwanafunzi hawezi kuzitumia kujibu swali linalomtaka aeleze kwa nini msimulizi amenyamaza mahali ambapo angetarajiwa kusema.

Naomba nieleze nilichokifanya na watoto tisa waliokuja barazani kwangu likizo ya Agosti, maana jambo hili halieleweki kwa maneno ya jumla. Sikuwapa mtihani wa zamani. Niliwaandikia mwenyewe kifungu cha aya nne kuhusu mikoko ya Tudor na watu waliokuwa wakiishi kwa kuikata, nikawatungia maswali sita, nikawaacha wayajibu kimya kwa nusu saa. Katika aya ya tatu nilikuwa nimeandika hivi: “Wenzetu hawa, ambao walisomeshwa na baba zao kwa pesa za boriti, waliambiwa siku ya kuacha kukata, hawakuambiwa watakula nini siku itakayofuata.” Swali la nne likauliza mwandishi ana mtazamo gani kuhusu wakata mikoko. Wanane kati ya tisa walijibu kwamba mwandishi anawalaani kwa kuharibu mazingira, na wawili wakaongeza mambo ya ukame na ongezeko la joto duniani ambayo hayakutajwa popote katika kifungu changu.

Majibu hayo hayakutokana na ujinga, na yeyote anayedhani hivyo hajawahi kusahihisha. Watoto hawa wameandika insha nyingi kuhusu mazingira, na katika insha hizo mkata miti huwa ni adui siku zote, basi walipoona neno “mikoko” waliufunga mlango wa kifungu na kuufungua wa insha. Walijibu mada badala ya kujibu maandishi. Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote katika ufahamu, na ndilo ambalo karatasi kumi na nne haziwezi kulitibu, kwa sababu kila karatasi mpya humpa mtoto nafasi nyingine ya kulirudia.

Sikuwapa jibu. Nilimtaka binti mmoja aisome aya ile ya tatu kwa sauti, polepole, atue kwenye kila mkato na nukta-mkato. Alisoma mara ya kwanza akapita. Nikamwambia asome tena. Mara ya pili alipofika kwenye “wenzetu” sauti ilimpungua kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, akarudi nyuma maneno mawili, akanitazama. Nikamuuliza kama yeye hulitumia neno hilo kwa mtu anayemchukia. Alicheka, kisha akawageukia wenziwe: “Kumbe yuwawaonea imani!” yaani anawahurumia. Hapo tukaanza kutafuta ushahidi mwingine: kwa nini mwandishi aliwataja baba zao, kwa nini vitenzi viwili vya sentensi ile vimejengwa kwa kutendwa bila kutajwa aliyetenda, na huyo aliyewaambia waache kukata ni nani hasa. Swali hilo moja lilituchukua dakika arubaini, ambazo ni kipindi kizima cha shule, nami nashikilia kwamba dakika hizo zilifaa kuliko karatasi tatu za kujaza na kukata.

Swali la msamiati nalo lilinifunza. Katika kifungu niliandika kwamba baada ya ukataji kupigwa marufuku mapato ya watu wale “yakapwa.” Watoto hawa wamezaliwa na bahari mlangoni, kupwa na kujaa wanakujua tangu walipoanza kutembea, na wote tisa waliandika kwamba kupwa ni maji ya bahari kurudi nyuma. Maana hiyo ni sahihi kabisa katika kamusi, lakini kwa swali lile haipati kitu, kwa kuwa maagizo yalisema “kama lilivyotumika katika kifungu.” Niliwauliza ni maji gani yaliyorudi nyuma kutoka mfukoni mwa mtu. Yule mdogo wao akasema, “Pesa zilipunguka,” kisha akasononeka kwamba alikuwa akilijua jibu muda wote. Wanafunzi wetu wengi wamo katika hali hiyo: wanalo jibu, ila hakuna aliyewazoesha kuyasoma maagizo ya swali kama sehemu ya kusoma.

Ya ufupisho sitayarefusha, maana yanafanana na haya, isipokuwa jambo moja. Sehemu ile ya matayarisho imegeuzwa kuwa pambo. Mwanafunzi huandika nakala safi kwanza, kisha akarudi kuzijaza hoja kwenye matayarisho ili mtahini aone kwamba yapo. Mwalimu akitembea kati ya madawati dakika tano za mwanzo ataliona mwenyewe.

Upande wa fasihi ndiko kwenye msiba. Miongoni mwa wale tisa alikuwako kijana mmoja kutoka Likoni aliyekuwa akivuka kwa feri kila Jumamosi, mwerevu, mwenye bidii, ambaye aliweza kunitajia maudhui manane ya riwaya teule, ile iliyochaguliwa kutahiniwa, na sifa saba saba za kila mhusika bila ya kuangalia popote. Nilifurahi. Kisha nikamuuliza swali dogo: mhusika mkuu, katika sura ya kwanza, twamkuta wapi na yuwafanya nini? Akanyamaza. Nikamuuliza kama amekisoma kitabu. Akanijibu bila ya haya, kwa kuwa hakuona cha kuonea haya, “Hayo hayaulizwi, Mwalimu.” Alichokuwa nacho ni mwongozo, kijitabu cha uchambuzi wa riwaya, tena wa kopi ulioshonwa kwa uzi, alioununua dukani kwa bei ndogo. Kitabu chenyewe shuleni kwao hutumiwa na wanafunzi wanne kwa nakala moja, na jioni hufungiwa stoo kisipotee.

Simlaumu, na wala sitaki miongozo ichomwe moto. Niliitumia mimi pia, hasa mwaka wa kwanza vitabu teule vinapobadilishwa, ambapo mwalimu naye hujikuta anasoma usiku anachokwenda kukifundisha asubuhi. Lakini mwongozo ni matokeo ya usomaji wa mtu mwingine. Anayeusoma badala ya kitabu huwa kama mtu aliyesimuliwa ladha ya biriani akataka kuielezea kwa waliokula. Mtihani nao hujua kumuumbua, kwa sababu swali la dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni, humtaka aeleze muktadha: ni maneno ya nani, yakiambiwa nani, mahali gani na kwa sababu gani, alama nne. Dondoo huweza kutolewa ukurasa wowote, na hakuna mwongozo unaoweza kubeba kila ukurasa.

Kuhusu muktadha nina hadithi ya kuchekesha kidogo. Nilijaribu njia kadhaa kuwaeleza watoto kwamba vipengele vile vinne si fomula ya kukariri, kwamba ndivyo tunavyoelewa kauli yoyote duniani, wakanitazama kwa heshima bila ya kuelewa. Ukutani mkabala na baraza yangu palikuwa na leso imeanikwa, yenye jina lisemalo “Hasidi hana sababu.” Nikawauliza: leso hii ni ya nani? Wakamtaja mwenyewe. Imeanikwa wapi? Kwenye kamba inayoelekea dirisha la jirani, ilhali kamba ya uani iko tupu. Yamwambia nani? Hapo walianza kuangua kicheko, maana mtaa mzima unajua. Na kwa sababu gani? Sababu walinieleza kwa kirefu kuliko nilivyotaka kujua. Binti yule wa mikoko akasema, “Basi alama nne zote ziko kambani.” Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyesahau kuandika sababu, ambayo ndiyo alama inayopotea mara nyingi.

Nalitaja hili kwa sababu watoto wa Mombasa wamekulia ndani ya fasihi bila kuambiwa kwamba ni fasihi. Mji huu ndio uliomlea Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840, na hadi leo majibizano ya mafumbo hayajatoka midomoni mwa watu wetu, iwe harusini, msimu wa siasa au hata mtu akidai deni. Mtoto aliyekua akisikia nyanya yake akimsema mtu kwa mbali hahitaji ufafanuzi mrefu wa kinaya. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba kile alichokisikia jikoni ndicho hicho kinachoulizwa katika karatasi ya tatu. Badala yake twampa fasili ya kukariri. Nimekutana na mtoto wa mvuvi aliyeniandikia kwamba kimai ni nyimbo za wavuvi na mabaharia, akapata alama yake, na nilipomuuliza kama babake huimba wakivuta nyavu alisema huimba, lakini hakuwahi kufikiri kwamba ndizo hizo. Swali la fasihi simulizi linapomtaka aeleze sifa au majukumu ya nyimbo kama hizo, kijana yule hukumbuka orodha ya ubaoni, ilhali mwalimu bora wa somo hilo analala chumba cha pili.

Ushairi vilevile. Mwalimu akitaja uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, wanafunzi hujibu kwa pamoja kama kasida: inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadilisha sauti zake), kuboronga sarufi (kupangua mpangilio wa maneno), lahaja. Niliwaandikia mshororo nilioutunga papo hapo, “Ndia umenifungiya, nipite wapi mwenzangu,” nikawauliza neno “ndia” linaonyesha uhuru gani. Watano wakasema tabdila, kwa kuwa waliona herufi zimebadilika kutoka “njia.” Mmoja akasema inkisari, nadhani kwa kubahatisha. Hakuna aliyesema lahaja, na hali wote wakirudi nyumbani watasikia ndia, nti, mato na tini kabla ya kuvua viatu. Nilipowauliza nani nyumbani husema hivyo, mikono tisa ilipanda. Kumbe kwao Kimvita, lahaja ya Mombasa, ni jinsi bibi anavyozungumza, na “lahaja” ni neno la mtihani, na mawili hayo hayajawahi kukutanishwa. Nakiri kosa hili lina mizizi katika kizazi changu cha walimu, sisi tuliozoea kuwakosoa watoto waliposema “ndoo hapa” (njoo hapa) darasani, tukidhani twawafundisha Kiswahili sanifu. Tungewaambia kwamba yote mawili ni yao, na kila moja lina mahali pake.

Nimeyasikia mawili matatu yanayosemwa kupinga rai kama hii yangu. Wengine husema mtihani wenyewe unaondoka, kwa kuwa KCSE itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027 na wanafunzi wa mtaala mpya wameshaanza kuingia sekondari pevu, basi ya nini kuhangaika. Wengine husema kwamba tangu mwaka 2023 wastani wa mtahiniwa huhesabu lugha moja tu kwa lazima, hivyo anayekwama katika Kiswahili ataegemea Kiingereza. Kwa wa kwanza nasema mtaala unaojiita wa umilisi hauwezi kuwa na mahali pa mtoto asiyeweza kusoma kifungu akaonyesha jibu lilipo. Kwa wa pili sina la kusema ila kwamba mtoto asiyejua kuusoma mstari kwa Kiswahili, lugha aliyonyonya nayo, sijui atakwenda kuusomea wapi.

Ninachokiomba kwa wakuu wa idara za Kiswahili hakihitaji bajeti. Wapunguze idadi ya mitihani ya majaribio, na kwa kila mtihani mmoja unaofanywa watenge vipindi viwili vya kuurudia kifungu kwa kifungu, wanafunzi wakiwa na karatasi zao zilizosahihishwa mbele yao na kalamu mkononi. Sheria iwe moja: hakuna jibu linalokubaliwa mpaka mwanafunzi aweke kidole penye neno au sentensi alikolitoa. Katika fasihi wageuze zoezi la sifa za wahusika. Badala ya mwalimu kuuliza sifa na watoto kumtajia tamaa, ukatili na unafiki, asome yeye tukio moja kutoka kitabuni, kitabu kikiwa wazi, na watoto wabishane tukio hilo linaonyesha sifa gani. Nimeliona zoezi hili likiwaamsha hata wale wanaolala mchana wa joto la Februari. Vitabu navyo vitoke stoo. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakijapotea, na shule inayomaliza mwaka na nakala mpya kabisa za vitabu teule ina jambo la kujieleza.

Wazazi nao, hata ambao hawakupata kusoma sana, wanaweza kusaidia kuliko wanavyodhani. Mwambie mtoto akusomee kurasa mbili kwa sauti wakati unapika au unaposuka ukili, kisha umuulize mambo mawili tu: nani kasema hayo, na wewe wajuaje? Mtoto akijibu kwamba mwalimu ndiye aliyesema, mwambie arudi kitabuni akakuonyeshe.

La mwisho nakuelekezea wewe, Mhariri, kwa kuwa magazeti yetu yana desturi nzuri ya kuchapisha kurasa za marudio kwa ajili ya watahiniwa, na najua shule nyingi za Pwani huzikata kurasa hizo na kuzibandika ukutani. Mara nyingi kifungu cha ufahamu, maswali yake na majibu yake hutoka siku moja, ukurasa uleule, majibu yakiwa chini kwa herufi ndogo. Mtoto husoma swali, macho yakateremka, akasoma jibu, akaridhika kwamba amesoma. Nakuomba uchapishe kifungu na maswali wiki hii na majibu wiki ijayo, na kando ya kila jibu uonyeshe aya na mstari lilikotoka. Mimi nitazinunua nakala tisa.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Kibokoni, Mombasa